Siku Sitini na Tatu za Eliakunda

Katika ua wa marehemu mzee Eliufoo, kule Chome, palikuwa na nyumba tatu na wanawake watatu, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa bado anaitwa kwa jina alilobatizwa. Mama mkwe aliitwa Mama Hezroni tangu enzi za Mwingereza. Mke wa mtoto mdogo, Rubeni, aliitwa Mama Elirehema, ingawa alipoolewa jina lake lilikuwa Wema na alikuwa na miaka minne tu katika ua ule. Mke wa mtoto mkubwa, Hezroni, mwenye miaka minane ya ndoa ya kanisani, aliitwa Eliakunda. Eliakunda njoo, Eliakunda lete kuni. Kila alipoitwa hivyo kitu kilimchoma kifuani, halafu akaitika.

Miaka minane si mchezo. Hezroni alikuwa fundi wa mashine ya kuchakata mkonge katika shamba moja kubwa kule tambarare. Aliishi kambini pamoja na watu wa kuja, Wabena, Waha na Wamakonde, na nyumbani alipanda mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, akateremka Jumatatu alfajiri. Mtu analima mara moja kwa mwezi, tena kwa siku moja na nusu, halafu ukoo mzima unashangaa shamba halioti. Lakini lililoulizwa ni shamba, mkulima hakuulizwa. Krismasi ile Eliakunda alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage, akamsikia mama mkwe akimwambia mwanawe, wala hakushusha sauti, "Nimevumilia vya kutosha. Huu mwaka wa sabini na tano unaokuja ukiisha bila mtoto, nitakwenda mwenyewe kuzungumza na wazazi wake." Hezroni hakujibu. Na mwanamume asiyejibu kitu mbele ya mama yake, amekwisha kujibu.

Basi Eliakunda alikuwa na mwaka mmoja wa kujiokoa, na ndani ya ua huohuo alikuwa na Wema.

Tuseme ukweli, alikuwa na roho ya kwa nini. Kwa nini binti wa Kihurio, mtoto wa wakulima wa mpunga, ambaye alipokuja hakuweza hata kupanda mlima bila kutweta, ashike mimba mwezi wa pili wa ndoa? Kwa nini mumewe alale nyumbani kila siku ya Mungu? Kwa nini yeye akicheka, mama mkwe naye acheke? Wema hakuwa na baya. Alimwamkia "shikamoo dada" kila asubuhi, akamchotea maji bila kuombwa, akamwachia Elirehema ambebe mgongoni hadi mtoto asinzie. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Eliakunda kuliko yote, maana alipombeba yule mtoto alimpenda, na alipomrudisha alimchukia mama yake.

Januari Wema akaugua. Ugonjwa gani, Eliakunda hakuambiwa. "Tumbo linamsumbua," alisema mama mkwe, na mlango ukafungwa. Mama mkwe alikuwa na sheria yake, aliyoirithi kwa mama mkwe wake mwenyewe, kwamba mambo ya damu ya mwanamke hayasemwi mbele ya mwanamke ambaye hajazaa, yasije yakamwangukia au yeye akayatupia jicho. Kwa hiyo walinong'ona wao wawili, na Eliakunda aliyekuwa anapika upande wa pili wa ukuta akasikia minong'ono tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba wakati mwingine maradhi hufichwa na mtu mmoja na kuumbuliwa mwingine.

Rubeni alimteremsha mkewe kwa lori la ushirika hadi hospitali ya misheni iliyokuwa karibu na barabara ya Same. Walikaa siku nne. Waliporudi, Wema alikuwa na kadi ya kliniki ya akina mama, vidonge ndani ya bahasha ya khaki, na karatasi ya daktari kwa balozi wa nyumba kumi kwamba huyu mama asipangiwe kazi katika shamba la kijiji kwa muda wa mwezi mzima.

Mwezi mzima! Wakati Eliakunda anapalilia mahindi ya kijiji juani, mgongo umekunjika, Wema alikuwa amekaa barazani anakunja nguo. Na jioni yakaja mambo ya chakula. Mama mkwe alimchinjia kuku akampa maini yote. Alimchumia mnavu kila siku, akamkorogea uji wa maziwa, akampa mayai ambayo kwa kawaida yaliuzwa. Chakula hicho Eliakunda alikijua vizuri. Katika ua ule kilipikwa kwa mwanamke mwenye mimba au aliyetoka kujifungua, hakikupikwa kwa mtu mwingine. Yeye na bakuli lake la makande alikaa pembeni akatafuna taratibu.

"Dawa zenyewe ni za nini?" alimwuliza Wema asubuhi moja, alipomwona anakitumbua kidonge kidogo cheupe kutoka kwenye karatasi inayong'aa na kukimeza kwa uji.

"Za tumbo, dada," alisema Wema, akatazama chini.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kadi ya akina mama, mapumziko, maini, vidonge, na aibu ya mtu anayetazama chini: Eliakunda alijumlisha akapata mimba ya pili. Alihesabu miezi, akaangalia kiuno cha Wema kila alipoinama kuchota maji. Februari hakikuongezeka. Machi hakikuongezeka. Kilichoongezeka ni wekundu wa midomo yake, na nguvu, na nyimbo zake za kwaya wakati wa kutwanga. Mtu mwenye wivu hakosi jibu. Kama hana mimba, Eliakunda alijiambia, basi hizo ni dawa za kuitengenezea njia. Wanamtayarisha. Wazungu wa misheni wamepata dawa ya kumfanya mwanamke azae, na katika ua huu wenye mwanamke mmoja asiye na mtoto, wamempelekea yule mwenye mtoto.

Alilia siku hiyo, shambani, akajifanya ni vumbi.

Mwanzoni mwa Aprili vidonge vya Wema vilikuwa karibu kwisha na ilimpasa aende kuchukua vingine. Siku ya lori ilipofika Elirehema akachemka homa. Eliakunda alikuwa na safari yake ya kumpelekea Hezroni shuka na maharage, apitie hukohuko chini. Wema akampa kadi kwa mikono miwili.

"Wapatie tu kadi, dada. Wanajua. Watakupa vile vyeupe na vile vyekundu."

Kliniki ilikuwa imejaa wanawake, wengi wao na matumbo yao mbele, wamekaa kwenye mabenchi na wengine sakafuni. Nesi aliyekuwa mezani aliitwa Hedwiga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono isiyotulia. Aliisoma kadi ya Wema, akafungua kabati, akahesabu pakiti tatu za vidonge vyeupe na bahasha moja ya vidonge vyekundu vya kuongeza damu.

"Wewe ni nani yake?"

"Mke wa shemeji yake."

"Mwambie asiruke hata siku moja. Mengine anayajua, nilishamweleza. Anaendeleaje?"

"Amenawiri," alisema Eliakunda, na neno lilimtoka kwa uchungu.

"Vizuri. Ndizo hizo dawa. Anayefuata!"

Eliakunda hakuondoka. Aliinama mezani, akashusha sauti ili wale wa kwenye benchi wasimsikie. "Nesi, na mimi nazitaka hizo nyeupe."

Hedwiga alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mumeo anajua?"

"Yuko kazini, kwenye mkonge."

"Basi njoo naye, mzungumze na daktari. Hizi hatuzigawi kama karanga. Mwanamke akizichukua kwa siri, kesho mume anakuja hapa na panga. Anayefuata, nimesema!"

Ona sasa jinsi watu wawili wanavyoweza kuzungumza bila kukutana. Nesi alidhani anaombwa na mwanamke aliyechoka kuzaa. Eliakunda alisikia kwamba Wema hupewa tu, hata bila kuja mwenyewe, na yeye azungushwe. Alitoka nje na pakiti tatu ndani ya mkoba wake wa ukindu, na hadi anafika barabarani alikuwa hajaamua kitu. Akafika kambini. Hezroni akapokea shuka na maharage, akauliza habari za mama, habari za Rubeni, habari za Elirehema, akamwambia yule mtoto ana akili sana. Ndipo Eliakunda alipoamua.

Jioni, uani, alimpa Wema bahasha ya vidonge vyekundu.

"Vyeupe vimekwisha. Wamesema labda baada ya miezi mitatu."

Ulikuwa mwaka wa njaa na foleni. Sukari ilikuwa imekwisha, sabuni imekwisha, mafuta ya taa yamekwisha. Ukimwambia mtu kitu kimekwisha, alikuwa hana sababu ya kukukatalia. Wema aliishika bahasha, akachungulia ndani.

"Haya, dada. Ahsante kwa kuhangaika. Mungu atajua la kufanya."

Eliakunda alikwenda zake akiwa na furaha chafu tumboni. Ilimtisha kidogo, lakini ilikuwa tamu.

Alianza siku ya kwanza baada ya siku zake za mwezi kwisha. Pakiti moja ilikuwa na vidonge ishirini na kimoja, na yeye aliambiwa kwamba hakuna kuruka hata siku moja, basi hakuruka. Cha mwisho cha pakiti ya kwanza kilifuatwa kesho yake na cha kwanza cha pakiti ya pili. Wiki ya kwanza alichafukwa na moyo. Harufu ya maharage yanayochemka ilimkimbiza nje. Wiki ya tatu matiti yalimjaa, yakamuuma alipolala kifudifudi. Hezroni alipanda mwisho wa mwezi, akashuka. Na siku ambayo damu yake ilizoea kuja, yeye aliyekuwa hajakosea hata mara moja tangu akiwa msichana, haikuja.

Hakusema. Alingoja wiki. Alingoja mbili. Alikwenda nyuma ya migomba akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akamshukuru Mungu kwa sauti, na katika shukrani hizo hakumsahau Wema. "Umemwona mnyonge, Bwana," alisema. "Umenipa mimi pia." Halafu akaenda kumwambia mama mkwe.

Ajabu ya mdomo wa binadamu! Mama mkwe aliyekuwa anajiandaa kwenda kwa wazazi wa Eliakunda alimshika mashavu kwa mikono yote miwili. Alipiga vigelegele hadi jirani wakaja. Jioni hiyohiyo jogoo alichinjwa, na maini yakaletwa kwa Eliakunda. Aliyala huku Wema akimtazama, na akayala polepole. "Usinyanyue ndoo hiyo, Mama Kijacho," alisema mama mkwe. "Mama Elirehema yupo, ataichota." Na Mama Elirehema akaichota.

Hezroni alipanda na kitenge na mafuta ya nazi. Alikaa barazani mbele ya watu, akacheka ovyo, akasimulia habari za mashine za mkonge ambazo hakuna aliyeuliza. Chumbani alimwekea mkewe mkono tumboni na hakuutoa. Eliakunda alilala macho wazi kwa raha. Alikuwa mwanamke aliyeshinda.

Naye Wema akaanza kushuka. Nyimbo za kwaya zikakoma. Midomo ikapauka, na aliposimama baada ya kuinama alijishikilia ukutani. Asubuhi moja Eliakunda alipita karibu na kijito akamkuta anafua vitambaa, maji yakiwa mekundu chini ya mikono yake. Wema alishtuka, akavifunika kwa kanga. Eliakunda akageuza uso kwa adabu na kupita, lakini moyoni alihesabu: amepata siku zake, hana mimba. Wiki iliyofuata akamkuta palepale, na maji yaleyale. Hata mtu asiyejua kitu angejiuliza ni siku gani hizo zisizokwisha. Eliakunda hakujiuliza. Alijisikia vizuri mno kuweza kujiuliza.

Alimeza kidonge cha mwisho siku ya Jumamosi. Jumla vilikuwa sitini na vitatu, na aliona vimemtosha, kazi yao imekwisha. Pakiti tupu alizichoma jikoni.

Jumanne yake ulikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha ndiva. Bwawa lile la wazee, ambalo lilijaa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yateremke mashambani, lilikuwa limejaa tope baada ya mvua, na kila nyumba ilitakiwa kutoa watu. Asiyetokea huzuiwa zamu yake ya maji. Nyumba ya Hezroni ilisamehewa kwa ajili ya mama mjamzito. Nyumba ya Rubeni ilitoa Rubeni na mkewe, na mama mkwe akamwomba Wema abebe na sehemu ya mwenzake, isije ikasemwa kwamba ua wa mzee Eliufoo una uvivu.

Eliakunda alikuja kutazama tu. Alikaa kwenye nyasi juu ya ukingo pamoja na wazee, kitenge kipya kiunoni, akiwaona wanawake wamepanga mstari wakipokezana makarai ya tope. Tangu alfajiri kiuno kilikuwa kinamvuta kwa namna aliyoijua tangu usichana wake, lakini alikataa kuijua. Wema alikuwa wa tano katika mstari. Alipokea karai, akaligeuza kumpa wa sita, na karai likaanguka. Watu walicheka, wakadhani limemteleza. Kisha Wema mwenyewe akaanguka juu ya tope, na kanga yake ilikuwa imelowa damu hadi kwenye visigino.

Kila mwanamume aliyekuwa na jembe alilitupa. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakamteremsha kwa machela, wakipokezana begani kwenye utelezi, hadi walipolikuta lori la shule. Rubeni aliita jina la mkewe njia nzima. Mama mkwe alipanda lori, na Eliakunda naye akapandishwa, maana mama mkwe, hata katika hofu ile, hakusahau hesabu zake. "Na wewe utapimwa hukohuko. Nimempoteza mjukuu mmoja leo huenda, sitaki kumpoteza wa pili." Alidhani ni mimba iliyotoka, maana Wema hakumwambia kwamba ule ugonjwa wa Januari umerudi. Eliakunda alipanda akakaa pembeni, amebana miguu. Lori liliporuka kwenye shimo la kwanza alihisi damu yake mwenyewe imekuja.

Hospitali walimkimbiza Wema ndani, wakamlaza Rubeni kwenye kitanda cha jirani na kumtoa damu. Ilikuwa alasiri Nesi Hedwiga alipotoka, mikono kiunoni, akamwita Eliakunda kwenye chumba cha dawa na kufunga mlango.

"Wewe ndiye uliyekuja na kadi. Nimekukumbuka. Mgonjwa ananiambia aliletewa vyekundu tu, eti vyeupe vilikwisha. Kwenye daftari langu nimeandika pakiti tatu. Ziko wapi?"

Eliakunda alifungua kinywa kusema zilianguka mtoni. Badala yake akasema, "Nesi, damu inanitoka. Nina mimba ya miezi miwili na damu inanitoka. Nisaidie."

Hedwiga hakushtuka. Alimpima, akamuuliza siku zake na miaka ya ndoa yake, akamuuliza tena taratibu, kwa sauti ambayo hakuitumia kwenye mabenchi. Halafu akauliza, "Ulivinywa wewe?"

"Nilitaka mtoto."

"Mtoto?"

"Yeye mlikuwa mnamtayarishia mtoto mwingine. Mimi sina hata mmoja."

Nesi alikaa kwenye kiti. Aliponena alikuwa kama aliyechoka ghafla.

"Mama, vile ni vidonge vya kuzuia mimba. Wanaotaka kupumzika kuzaa ndivyo wanavyokunywa. Lakini vina kazi nyingine. Kuna wanawake ambao damu yao ya mwezi inakuja nyingi mno, siku kumi, siku kumi na tano, hadi mwili unabaki mtupu. Kuna wanaogaagaa chini kwa maumivu kila mwezi. Kuna ambao siku zao hazina mpango. Hao wote tunawapa vilevile, kama dawa, hata kama mume yuko Ulaya. Wema alikuwa anakufa kwa damu mwezi wa kwanza. Vile vyeupe ndivyo vilivyoifunga. Yale maini na mapumziko ni sisi tuliomwandikia, kwa sababu damu yake ilikuwa imekwisha."

"Lakini nilichafukwa na moyo. Matiti yaliniuma. Na siku zangu hazikuja."

"Ndivyo vidonge vinavyofanya kwa mwili usiovizoea. Na mtu hunywa siku ishirini na moja, akapumzika saba, ndipo damu ije. Wema nilimweleza. Wewe uliunganisha zote tatu, ingekujaje? Sasa vimekwisha, imekuja. Hakuna mtoto, mama. Hakuwepo. Na hata kama angetaka kuja miezi hii, ni wewe mwenyewe uliyemfungia mlango kila asubuhi."

Eliakunda alitazama kabati la dawa. Alitaka kulia, na kilio hakikuja. Kilichokuja ni aibu, kisha hasira juu ya mama mkwe na minong'ono yake, kisha aibu tena, kubwa zaidi.

"Mngeniambia," alisema.

"Ungeuliza," alisema Hedwiga. "Mficha uchi hazai, mnaijua methali hiyo nyote huko mlimani, na nyote mnaficha. Miaka minane hujaja hata siku moja kunieleza shida yako. Njoo na mumeo, tuwapime wote wawili. Wote, nimesema, siyo wewe tu. Lakini kwanza nenda kwa yule wa ndani. Mimi sitamwambia mtu. Utamwambia wewe."

Wema alikuwa amelazwa dirishani, chupa ya damu ya Rubeni ikining'inia juu yake. Alipomwona alijitahidi kuinua mkono.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Kaa. Wamekupima? Mtoto hajambo?"

Eliakunda alikaa. Wema aliuchukua mkono wake akaushikilia. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mimi nimekatazwa kushika mimba, dada. Miaka miwili, au zaidi, mpaka damu irudi. Nimelia sana hapa. Halafu nikasema basi, wa dada yupo, Elirehema atapata mwenzake." Alipumzika kidogo, pumzi ilikuwa fupi. "Nikuambie kitu, usinikasirikie. Nilikuonea wivu. Siku ile uliyonikuta kijitoni ninafua, ukapita na kitenge chako, nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kusali. Nikasema, mwenzangu anajaa na mimi ninavuja. Nisamehe."

Miaka minane Eliakunda alikuwa amengoja mtu mmoja duniani amwonee wivu. Sasa amepata, na aliyempa ni huyu, na hakuwa na pa kuuweka.

"Sina mimba, Wema."

"Imetoka?"

"Haikuwepo. Zile dawa hazikuwa zimekwisha. Nilipewa pakiti tatu za kukuletea. Nilidhani ni za kupata mtoto. Nilizinywa mimi."

Wema hakupiga kelele. Alimtazama, macho yakazunguka usoni mwake kama anayetafuta mtu mwingine.

"Zote tatu?"

"Zote."

"Hukuniachia hata moja, dada?"

"Hata moja."

Wema aliutoa mkono wake polepole, akauweka chini ya shuka, akageukia ukutani. Mlangoni mama mkwe alikuwa amefika na bakuli la uji, akiuliza kwa sauti ya matumaini kama mjukuu wake ameonekana, na Eliakunda akainuka kwenda kumpokea bakuli na kumwambia.